Fremu ya Bei ya Juu kwa Mwenye Mfuko Mdogo: Je, Fundi Anamdhulumu?



Ndugu zetu wazazi, vijana na wanafunzi, kuna malalamiko ambayo tumekuwa tukiyasikia mara kwa mara kutoka kwa akina mama, hasa baada ya harusi, baada ya Idd na pale watoto wanapomaliza shule. Malalamiko yenyewe ni juu ya fremu za picha, ambazo kwetu Burundi wengi tunaziita kadre. Mama anakwenda kwa fundi na picha yake moja, mkobani ana pesa za kuhesabu, na anatoka pale ameuziwa ubao wa bei ambayo hakuikusudia. Akifika nyumbani mume anauliza, “Pesa yote hii ni ya vipande vinne vya mbao?” Basi maneno yanaanzia hapo.

Upande wa pili wako mafundi wetu wa Bugendana, wa Gitega mjini na wa Muyinga, nao wana lao la kusema. Wanasema: watu wetu hawana pesa, nikimtolea mtu ubao mzuri ataona namdharau au nataka kumkamua. Bora nimpe wa chini kabisa aende zake.

Rai yangu naisema mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta. Kumuuzia mwenye pesa kidogo ubao wa bei ya juu si dhuluma, na wakati mwingine yeye anauhitaji kuliko tajiri, kwa sababu tajiri fremu yake ikivunjika atanunua nyingine. Dhuluma inaingia pale fundi anapoficha hesabu, anapouza ubao mbichi kwa bei ya ubao mkavu, au anapoikuza picha bila sababu ili auze mita nyingi. Na kumficha mteja ubao mzuri kwa kuangalia viatu vyake, hiyo nayo ni kumvunjia heshima, hata kama nia ilikuwa huruma.

Kwanza tufahamiane juu ya vitu vyenyewe. Ubao wa fremu ni ule ubao mwembamba mrefu, uliochongwa umbo upande wa mbele, na kwa ndani una kijia ambamo kioo, picha na kadibodi ya nyuma hukaa. Fundi anaukata vipande vinne, kila ncha kwa nyuzi 45, anavishika kwa gundi na misumari midogo, na fremu imepatikana. Ukiangalia utaona ni kazi ndogo. Jaribu wewe kukata pembe nne zikutane bila mwanya hata wa unywele!

Ule wa bei ya chini kabisa mara nyingi si mti. Ni plastiki nyepesi yenye mapovu ndani, iliyovikwa ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu au ya mti. Ukiikwaruza kwa kucha unaona weupe. Juu yake kuna msonobari mwembamba uliopakwa rangi. Juu zaidi kuna mti mpana, mkavu, uliopigwa msasa na vanishi, na hapa sina budi kuutaja mgrevilea, ambao vilima vyetu vimejaa nao kandokando ya mashamba. Ukiupasua vizuri na kuupiga randa, mishipa yake inang’aa kama hariri. Ni ajabu kwamba mti huu tunaupika chini ya chungu cha maharage, halafu tunanunua plastiki iliyochorwa ifanane na mti! Mkaratusi nao tunao mwingi, lakini ni mti mkaidi, unajipinda na kupasuka unapokauka, kwa hiyo fundi mwenye haraka asiuguse kwa kazi ya fremu.

Vitu vya kutoka nje vina gharama zake. Mizigo mingi ya nchi yetu inashuka bandari ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa inaingia kwa mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga, ambayo tangu mikoa ipunguzwe kutoka 18 hadi 5 mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Tangu faranga iliposhushwa thamani mwaka 2023, na kwa shida ya mafuta tuliyoiona sote, kioo na mbao za kuagiza havikai bei moja. Fundi anayekuambia bei imepanda si lazima awe mwongo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ugomvi mwingi uko hapo. Wanafunzi wachukue karatasi.

Tuseme picha ni ya sentimita 30 kwa 40. Mzunguko wake ni sentimita 140. Lakini sentimita 140 za ubao hazitoshi, kwa sababu kwenye kila pembe ubao unajiongeza upana wake mara mbili, na pembe ni nne. Kwa hiyo unachukua upana wa ubao, unauzidisha mara nane, unajumlisha na mzunguko. Ubao wa upana wa sentimita 2 unataka sentimita 156, na wa upana wa sentimita 3 unataka 164. Ongeza kidogo kwa ajili ya njia ya msumeno na kurekebisha ncha, tuseme mita 1.8 kwa ule mwembamba na 1.9 kwa ule mpana.

Sasa tupange bei za mfano tu, maana kila soko lina lake. Ubao wa chini uwe faranga 5,000 kwa mita, wa juu uwe 9,000. Mteja akisikia hivyo anashtuka, karibu mara mbili! Lakini hanunui mita, ananunua fremu. Ubao wa chini umekula faranga 9,000, wa juu umekula 17,100. Kioo tuseme 10,000, kadibodi ya nyuma na kulabu na waya 5,000, ujira wa fundi 8,000. Hivyo ni 23,000, na havibadiliki ukichagua huu au ule. Jumla, fremu ya ubao wa chini ni 32,000, na ya ubao wa juu ni 40,100. Ubao umepanda kwa asilimia 80, lakini fremu imepanda kwa robo tu.

Mnaona mambo yalivyo? Fundi anayetaja bei kwa mita anamtisha mteja bure na kujinyima riziki yake. Ataje bei ya kitu kizima, kikiwa na kioo na kulabu, tayari kutundikwa, kwa ubao huu na kwa ubao ule. Mama aliyekuja na 35,000 ataona mwenyewe kwamba kinachomtenga na ubao mzuri ni faranga 5,000 na mia moja, na ataamua kama anazitaka kwa fremu au kwa mchele. Hiyo ni haki yake na si yetu.

Wako mafundi wanaofanya jambo jingine ambalo mimi silipendi. Ujira wao wanauhesabu kama fungu la bei ya ubao, hivyo ubao ukipanda na ujira unapanda nao, ingawa mkato ni uleule wa nyuzi 45. Nakubali kwamba ubao mpana una taabu kidogo zaidi, na ukiuharibu hasara ni kubwa. Basi aongeze kidogo na aseme ni kwa nini. Lakini kuuzidisha ujira mara mbili kwa msumeno uleule na dakika zilezile, halafu mteja akaambiwa “ubao ndio ghali”, hapo mteja ameelezwa jambo lisilo kweli. Na mteja huyo ndiye anayekwenda kusema mtaani kwamba mafundi wote ni wezi.

Je, hizo faranga 8,100 za ziada zinanunua nini? Jibu la ukweli ni kwamba inategemea, na fundi mwaminifu ni yule anayesema hivyo. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Picha yetu ya 30 kwa 40 ikiwekewa kioo cha milimita 2, kioo hicho ni gramu 600 tu. Ubao mwembamba unakibeba bila shida. Lakini picha ya harusi ya 50 kwa 70, fundi akitumia kioo cha dirisha cha milimita 3, hiyo ni zaidi ya kilo 2.6, na kikiwa cha milimita 4 ni kilo 3.5. Uzito huo wote unavuta pembe za chini mchana na usiku. Ubao mwembamba, na hasa ule wa plastiki, hautadumu. Siku moja usiku mnasikia kishindo, mnadhani ni mwizi, kumbe ni bibi harusi kaanguka na vioo vimetapakaa kwenye mkeka wanapolala watoto. Hapa fundi asione haya. Aseme waziwazi, “Mama, kwa ukubwa huu sikushauri ule wa chini. Kama pesa haitoshi, tupunguze ukubwa wa picha.” Huko ni kumuuzia mtu cha bei ya juu kwa haki kabisa.

Kinyume chake pia ni kweli. Picha ya darasa, ya 13 kwa 18, ya kuwekwa juu ya kabati? Fremu ya plastiki ya sokoni inatosha. Fundi aseme inatosha, hata kama duka la jirani ndilo linaloiuza. Mteja huyo atarudi.

Jambo la ubao mbichi sitalipita haraka, maana ndilo linalowaumiza watu na hawajui limetoka wapi. Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji akaeleza kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea, naye akaulizwa kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu watu wakaiona. Basi ubao uliopasuliwa wakati wa mvua za Machi, ukapigwa fremu na kupakwa vanishi kabla haujakauka, una tofauti gani na nafaka ile? Vanishi inang’aa, mteja analipa bei ya ubao mkavu. Ikifika Julai, katikati ya kiangazi, mti unasinyaa na pembe zote nne zinafungua midomo. Fundi anasema ni hali ya hewa. Kweli ni hali ya hewa, lakini alijua!

Kwa mnunuzi, dalili ziko. Ubao mbichi ni mzito kuliko mwenzake wa kipimo kilekile, na ukiugusa mahali palipokatwa upya unahisi ubaridi. Muulize fundi, huu ulipasuliwa lini na ulikauka wapi? Ubao unaoanikwa kivulini, umepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite, unahitaji miezi. Fundi anayengoja miezi ana haki ya kudai bei ya juu, kwa sababu pesa yake imelala hapo muda wote huo. Ubao ukiwa ghali kwa sababu ya kungoja, hiyo ni bei ya kweli. Kinachotakiwa ni kuieleza tu, na watu wetu si wagumu wa kuelewa. Mkulima wa maharage anajua bei ya kungoja kuliko sisi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Suala la kutundika picha za watu ukutani lina maneno ya wanazuoni, na wenye shaka nalo wawaulize masheikh wao. Mimi nazungumzia hali iliyopo majumbani. Nchi hii imepita katika vita vilivyoanza 1993, na nyumba nyingi ziliungua na kila kilichokuwamo. Bugendana yenyewe haijasahau Julai 1996, watu zaidi ya 300 walipouawa katika kambi ya waliokimbia makwao. Kuna familia ambazo sura ya baba au ya kaka haikubaki popote isipokuwa kwenye karangamuntu, kile kipicha kidogo kuliko kidole gumba, kilichopigwa mhuri pembeni. Watoto wamekua, sasa wana ajira kidogo, na jambo la kwanza wanalotaka ni kumuona baba ukutani.

Mtoto huyo anakwenda mjini na ile karangamuntu. Anasema, “Fundi, nikuzie iwe kubwa.” Mpiga picha anaikuza mpaka 50 kwa 70, kwa sababu kubwa ndiyo yenye pesa, na mtengeneza fremu anashangilia mita zake. Matokeo yake? Macho yamekuwa mawingu, mhuri umekaa shavuni mkubwa kama sahani, na baba hatambulikani. Familia imelipa pesa ya mbuzi. Hakuna anayelalamika, kwa sababu wanaona aibu kulalamika juu ya picha ya marehemu. Hapa ndipo ninapoona dhuluma, hata kama kila mtu alikubali bei.

Fundi muungwana angefanya hivi. Angeshauri picha ipigwe upya kwa simu nzuri au kwa mashine, bila kuibandua kutoka kwenye kadi, kisha ikuzwe kidogo tu, 10 kwa 15. Halafu achukue ule ubao wake mzuri wa sentimita 3. Turudi kwenye hesabu. Mzunguko wa 10 kwa 15 ni 50, upana mara nane ni 24, jumla 74. Na mabaki ya kukata tuseme 85. Kwa 9,000 kwa mita ni faranga 7,650. Umeona? Ubao wa juu kwenye picha ndogo umegharimu kidogo kuliko ubao wa chini kwenye picha ya 30 kwa 40, ambao tulisema ni 9,000. Kioo nacho kimepungua, kadibodi imepungua. Mwenye mfuko mdogo ameondoka na mti mtupu, mzito mkononi, na sura ya baba inayotambulikana.

Hii ndiyo njia ya kumuuzia ubao wa bei ya juu mtu mwenye pesa kidogo. Punguza sentimita, usimpunguzie ubora. Sijui kwa nini hatuifanyi zaidi. Labda ni kwa sababu kwetu sisi ukubwa wa picha sebuleni umekuwa kama ukubwa wa harusi, watu wanapima kwa macho.

Na kuna faida nyingine ndani yake kwa fundi. Ubao ukija kwa urefu wa mita 3, ukatoa fremu moja ya 30 kwa 40, unabaki na mita 1.1. Kipande hicho kinatosha fremu moja ndogo kama ile ya karangamuntu. Kwa hiyo anaweza kuiuza hata chini kidogo ya bei ya mita, na bado asipate hasara, maana kipande hicho kingeishia kwenye jiko.

Jambo dogo lakini muhimu: picha isigusane na kioo. Wakati wa mvua unyevu unaingia, picha inanata kwenye kioo, na siku ukitaka kuitoa ngozi yake inabaki huko. Inatakiwa kadibodi iliyotobolewa katikati, inayoizunguka picha na kuacha nafasi. Ni pesa kidogo. Kama mteja ana nyongeza ya faranga chache tu, mimi ningemwambia aiweke hapo kabla ya kuiweka kwenye rangi ya dhahabu. Na asitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, hasa nyumba ikiwa ya matofali ya udongo, wala mahali jua linapoingia moja kwa moja.

Wanafunzi, hili ni lenu. Diploma ya serikali isitiwe gundi! Kuna kijana alipeleka diploma yake halisi iwekewe fremu nzuri, kwa furaha ya mama yake, na fundi, ambaye sitamtaja, akaipaka gundi nyuma yote na kuibandika juu ya ubao ili isijikunje. Ilipendeza sana. Mwaka uliofuata alipotakiwa kuionyesha nakala halisi, walijaribu kuibandua kwa maji ya moto na kisu. Sina haja ya kueleza ilivyotoka. Peleka fotokopi ya rangi, hiyo ndiyo iwekewe fremu, na ile halisi ilale kwenye bahasha yake kabatini. Fundi akiona karatasi halisi imeletwa, amuulize mteja kabla ya kuigusa. Hata akipoteza kazi ya siku hiyo.

Sasa maneno ya kuuza. Kuna msemo wa dukani ninaouchukia, “Huu ndio wanaochukua watu wa heshima.” Maana yake yule anayechukua wa chini hana heshima? Na mama yuko pale na watoto wake wanasikia! Atakopa ili asiaibike mbele ya watoto, na deni hilo litakula sabuni na daftari. Fundi wa namna hii amepata faranga 8,000 na amempoteza mteja, na dhamana yake iko shingoni mwake.

Mwingine anauliza kwa adabu, “Mama, picha ni ya nani, na utaitundika wapi?” Mama anasema, “Ya marehemu mama yangu, mwanangu. Sebuleni, juu ya mlango.” Fundi anatoa pembe mbili, anaziweka juu ya picha yenyewe, moja baada ya nyingine. “Huu, kila kitu ndani, 32,000. Huu ni 40,000, ni mti wa hapa kwetu, umekauka mwaka mzima. Kwa ukubwa huu hata wa kwanza unafaa. Wa pili ukikwaruzwa unapigwa msasa na kuwa mpya, wa kwanza ukikwaruzwa ndiyo basi.” Halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, wauzaji wengi hawawezi. Mama akisema ngoja nikafikiri, amwambie karibu tena mama, na bei iwe ileile akirudi kesho.

Na hizo pembe za kuonyesha ni jambo ambalo mafundi wetu wangeweza kulichukua bila gharama. Huko Marekani kuna kampuni iitwayo Larson-Juhl, inayosambaza mbao za fremu kwa maelfu ya maduka madogo. Tajiri Warren Buffett alikubali kuinunua mwaka 2001, kwa dola zaidi ya milioni 220. Kwa nini tajiri kama yule ahangaike na mbao za picha? Ni kwa sababu duka dogo halihitaji kujaza mbao. Lina vipande vya pembe tu ukutani, mteja anachagua, na ubao unaagizwa baada ya hapo. Basi fundi wa Bugendana hana haja ya kulaza pesa kwenye mbao 20 za bei ya juu. Awe na pembe nne au tano zilizopigwa vizuri, na apatane na seremala wa Gitega mjini mwenye mbao kavu, amletee kwa oda. Huko Mutoyi, ndani ya Bugendana hiyohiyo, watu wamefanya kazi kwa ushirika kwa miaka mingi, kwa hiyo habari ya kushirikiana si ngeni kwetu.

Kuhusu kulipa kidogo kidogo, mimi naliunga mkono kwa sharti. Bei iandikwe siku ya kwanza na isiongezwe kwa sababu ya muda. Na malipo ya kwanza, yawe taslimu au ya Lumicash, yanunue ubao na kioo siku hiyohiyo, ili bei ya soko ikipanda mwezi ujao pasitokee maneno. Fremu ikae kwa fundi mpaka imalizwe kulipwa, na picha irudi nyumbani na mwenyewe. Msiache picha ya pekee ya marehemu miezi mitatu kwenye karakana yenye vumbi la randa na panya.

Kuna familia zitauliza juu ya Aayatul Kursiyy na picha za Al-Ka’bah, maana hizo ndizo zinazowekewa ubao wa dhahabu mpana kuliko zote. Ninachoona ni kwamba karatasi iliyochapwa kwa bei ndogo inavikwa fremu ya bei ya mwezi wa karo, na mgeni akiingia anasifu dhahabu. Mwenye uwezo ana uhuru wake. Mwenye mfuko mdogo, msonobari mwembamba mweusi unayaonyesha maandishi ya Kiarabu vizuri kuliko dhahabu, kwa sababu jicho haliibiwi na ubao. Fundi akiulizwa, aseme hivyo, ingawa ni mita za bei ya chini.

Na mafundi, vile vipande vya mita moja vilivyoegemea nyuma ya mlango wa karakana, visiende kuwasha moto wa chai. Vipimeni kwanza: sentimita 85 zikipatikana, kuna mtu yuko njiani na karangamuntu ya baba yake.

Wassalaamu ‘alaykum.